Hivi rugaruga wa Mirambo ile nguo nyekundu aliipata wapi? Wajuzi na mafundi wa Tabora na Kigoma njooni

#1 Cherehani ya Kazeh (Tabora)

Wakuu, habari za jioni.

Niko Isevya, Tabora. Kazi inayonilisha ni cherehani: sare za kwaya, kanzu za ndoa, mavazi ya maigizo ya wanafunzi. Kazi ninayoilisha mimi ni riwaya, huu ni mwaka wa sita. Inaanzia Agosti 1871, pale Mirambo, mtemi wa Urambo, alipoingia Tabora na nyumba zikachomwa. Mhusika wangu ni mpagazi, kijana wa Kinyamwezi. Kabeba mzigo kutoka Bagamoyo, kafika salama, tajiri kamzungusha ujira wake, kaondoka na hasira zake kwenda kwa Mirambo kuwa rugaruga, yaani mpiganaji wake.

Nina ugonjwa mmoja ambao mume wangu kashauchoka. Siwezi kumwandika mtu kabla sijamshonea. Lazima nikate, nishone, nimvalishe mdoli wangu wa mbao, au nivae mwenyewe nizunguke uani majirani wacheke. Hapo ndipo najua anachuchumaa vipi, kisu anakichomeka wapi, jasho linamchuruzika wapi. Upagazi wake nilishaushona ukaisha: ngozi ya mbuzi imefungwa begani, basi. Nimekwama siku anapovaa nyekundu.

Waliowaona rugaruga wameandika manyoya kichwani na nguo nyekundu. Sawa. Sasa katikati ya nchi hii, mwaka ule, nyekundu ilitoka wapi? Na kwa nini nyekundu, isiwe kaniki iliyokuwa tele? Niko ukurasa wa 212 tangu Pasaka.

#2 Mpigadebe

Natandika mkeka hapa. Waje wajuzi.

#3 Nyuki Mkali (Urambo)

Dada, jibu jepesi hilo. Nyekundu ni damu. Mtu anachomoka porini kavaa damu, manyoya yamesimama kichwani, nani anabaki? Nusu ya vita imekwisha kabla gobori halijalia. Halafu ukijeruhiwa haionekani, wenzako hawavunjiki moyo. Andika, uende ukurasa wa 213.

#4 Mwisho wa Reli (Kigoma)

#3 hapo kwenye "haionekani" nakukatalia. Nachinja mbuzi kila Jumamosi hapa Mwanga na fulana yangu nyekundu. Damu ikikauka juu ya nyekundu inakuwa nyeusi, tena inakakamaa. Inaonekana kuliko kwenye kaki. Tafuta sababu nyingine.

#5 Kitabu Kizito

Mleta uzi, unaanza hadithi katikati. Rudi nyuma miaka 14. Wale wasafiri Waingereza, Burton na Speke, waliingia Kazeh, yaani hiyohiyo Tabora yako, Novemba 1857. Burton alikuwa na jicho la fundi hata kama mdomo wake ulikuwa mchafu juu ya watu wetu. Anamweleza kirangozi, yule anayeongoza msafara mbele ya wapagazi wote. Kirangozi alivaa kipande chembamba cha joho jekundu, urefu kama futi sita, kimetobolewa katikati pa kupitishia shingo, kimening'inia mbele na nyuma. Kichwani ngozi ya mbega au manyoya ya ndege.

Sasa linganisha: nyekundu, manyoya. Huyo siyo rugaruga, ni kiongozi wa msafara, tena kabla hata Mirambo hajajulikana. Kwa hiyo mimi nasema nyekundu ilikuwa nguo ya anayetangulia. Vijana wa Mirambo wengi walishapita kwenye misafara, walikulia wanamtazama kirangozi mgongoni mwezi mzima. Walipopata bunduki wakajivisha ukirangozi. Kila mmoja akawa wa mbele.

Na ile ngozi ya mbuzi ya mpagazi, huyohuyo Burton anasema mvua ikinyesha waliivua, wakaikunja na kuiweka pamoja na mzigo, wakatembea uchi, ili wakifika wawe na kitu kikavu cha kuvaa. Yeye aliona ni ujinga. Mimi niliyewahi kulala na suruali mbichi Nzega nasema ni akili.

#6 Cherehani ya Kazeh

#5 ubarikiwe. Sikusubiri kukuche, nimekata sasa hivi kwa shuka kuukuu la kitanda. Futi sita, tundu katikati. Upana nimeuweka wa bega hadi bega.

Nilichokiona: mbavu zote ziko wazi. Ukitembea taratibu kinapepea, kinapendeza kweli, unajiona mkubwa. Nikakimbia nacho kutoka chooni hadi getini. Cha mbele kinaingia katikati ya miguu, cha nyuma kimenasa kwenye mlimao na kuchanika. Mtu wa kuvizia porini hawezi kukivaa hivi. Ama alikifunga kiunoni kwa mkanda, ama alikitupia bega moja na kukifunga fundo. Kirangozi hakimbii, ndiyo maana kilimfaa.

Lile la mvua naliingiza sura ya pili. Nilimlowesha bure na ngozi yake.

#7 Bibi Ukaya (Ujiji)

Wanangu, mnasema "nyekundu" kama mko dukani. Joho lilikuwa kitambaa cha sufu, kizito, kinatoka ng'ambo. Wakati ule nguo iliyojaa njiani ilikuwa merikani, pamba isiyopaushwa ya huko Massachusetts, na kaniki iliyotiwa nili kutoka Bara Hindi. Hizo ndizo zilikuwa fedha. Shuka ni mikono minne, doti ni shuka mbili, ukitaka zaidi unahesabu kwa jora. Joho halikuwa nguo ya kulipia mtama na kuku. Lilikuwa la kumpa mtemi ili akufungulie njia, au la tajiri mwenyewe.

Sasa rugaruga kazi yake ilikuwa nini? Kupora misafara. Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji, mizigo iliyokuwemo ilikwenda wapi? Hapo ndipo nyekundu ilipotoka. Hana falsafa yoyote, kavaa alichoiba. Na kavaa kile cha ghali zaidi ili uone kwamba kaiba.

#8 Pasi ya Mkaa (Kigoma)

Bibi shikamoo. Joho la sufu, Tabora, mwezi wa Oktoba? Mimi nimeshona majoho ya mahafali kwa kitambaa chepesi kabisa na bado vijana wanazimia kabla ya kupewa vyeti. Hao rugaruga walikuwa wanapigana au wanachomwa?

#9 Nyuki Mkali

Pasi ya Mkaa umenivunja mbavu 😂😂 Lakini angalia: kumbe neno joho ndiyo hilohilo. Leo linavaliwa na mhitimu asiye na ajira.

#10 Bibi Ukaya

Marahaba Pasi. Na "mtumba" je? Mnadhani ni neno la jana la nguo za kuvaliwa na Wazungu? Mtumba ni ule mzigo wa nguo wa mpagazi, umekazwa kwa kamba mrefu kama mto wa kitandani. Mtu alibeba frasila mbili, karibu kilo 32. Mnapokwenda kuchambua mtumba sokoni, neno hilo lilitembea kwa miguu toka Bagamoyo.

#11 Mzee wa Itetemia (Tabora)

Mwangaluka.

Mimi sijasoma hao mnaowataja. Marehemu babu yangu alizaliwa Wajerumani wakiwa wameshaingia, na yeye alisimuliwa na baba yake. Alikuwa akisema si rugaruga wote walivaa nyekundu. Wengine hawakuwa na nguo kabisa zaidi ya kipande cha gome na bangili za pembe. Gome la miombo hapa kwetu lilikuwa nguo ya watu wengi kabla ya merikani kumfikia kila mtu, na mizinga ya nyuki mpaka leo inatoka kwenye magome hayohayo.

Halafu kuna mninga. Uchanje kwa shoka uone. Unatoa utomvu mwekundu kama umekata mnyama. Kwa nini mnakwenda Ulaya kutafuta nyekundu wakati imesimama uani?

#12 Mpigadebe

Mzee kamaliza kesi. Fungeni uzi.

#13 Kitabu Kizito

Mzee shikamoo. Uzi haufungwi. Kwenye "si wote" niko nawe, na naongeza kwamba walioandika juu ya rugaruga wengi wao walikuwa wageni, wamisionari na wasafiri, watu waliokuwa wanawaogopa. Mwenye hofu humkumbuka yule mmoja mwekundu, kumi waliovaa gome hawaoni. Ila kwenye mninga nina wasiwasi. Utomvu kuwa mwekundu siyo rangi kushika kwenye uzi. Damu ya kuku nayo ni nyekundu.

#14 Cherehani ya Kazeh

Mwangaluka mzee. Kubishana kazi ya nini na sufuria ninayo. Nipeni siku chache.

Ila niwape kisa cha kununua kitambaa. Merikani bado ipo Tabora, tunaiita marekani. Nimeingia duka la jora mtaa wa soko, nimesema nipimie mita 20 za marekani nyeupe. Muuzaji kaacha mkasi, kazima redio, kaniangalia kwa huruma: "Pole sana mama, nani huyo?" Nikamwambia hakuna msiba, ni watu wa 1871. Akanijibu polepole, "Basi wameshakaa sana, Mungu awapumzishe." Na kanipunguzia bei. Nimetoka pale sina nguvu ya kumrekebisha.

#15 Pasi ya Mkaa

Hahaha mita 20 ni sanda ya ukoo mzima. Mimi nilinunua bafta ya bitana hapa Kigoma, jioni jirani zangu walikuja na mkeka.

#16 Karabai (Ujiji)

Wa Tabora mmejisahau, kuna nyekundu nyingine hamjaitaja. Kwenye makumbusho yetu hapa Ujiji kuna masanamu mawili ya Livingstone na Stanley wanavuliana kofia. Mimi huwapeleka wageni pale. Stanley mwenyewe aliandika alivyomkuta mzee: kofia ya buluu iliyofifia yenye utepe wa dhahabu uliochakaa, suruali ya kijivu, na kizibao chenye mikono MYEKUNDU. Tarehe 10 Novemba 1871.

Kwa hiyo kwa hesabu ya Nyuki Mkali, Livingstone naye alikuwa rugaruga?

#17 Nyuki Mkali

Karabai usinichokoze. Yule alikuwa mgonjwa, hakumtisha mtu.

#18 Kitabu Kizito

Karabai, ya nguo uko sahihi. Ya tarehe usiwadanganye wageni. 10 Novemba ni ya Stanley. Livingstone alishapoteza hesabu ya siku kwa kuugua, na wanaozipanga upya shajara za wote wawili wanaiweka mwisho wa Oktoba. Hapo hakuna mwenye uhakika.

#19 Karabai

Mkuu, mimi naonyesha jiwe lilivyoandikwa na mwembe ulivyo. Wewe ukija na Oktoba yako nitakuonyesha mwembe huohuo.

#20 Cherehani ya Kazeh

Wakati sufuria inachemka, niwape kipande kidogo mnikosoe. Ni mama wa kijana, siku msafara unaingia mjini:

*"Alitoka mbio mpaka njia ya maembe, kanga imemdondoka begani, akawatazama wanaume wakipita. Hakumjua mwanawe. Aliyeondoka na ngozi ya mbuzi alikuwa anarudi na nguo mpya nyeupe kiunoni, anacheka, bunduki zinalia."*

#21 Kitabu Kizito

Hiyo ya nguo mpya umeipatia. Misafara ilisimama karibu na mji, watu wakafungua vibunda vyao, wakavaa vizuri ndipo wakaingia kwa risasi na nyimbo. Siku mia ya uchafu, siku moja ya harusi.

#22 Bibi Ukaya

Kanga vua.

Mwaka 1871, mama wa kijijini Unyamwezi, kanga ameitoa wapi? Kanga tunayoijua ilianzia Unguja na mwambao, wanawake walipokuwa wanachukua leso za kuchapwa bila kukatwa, wanaunganisha tatu kwa tatu. Hayo ya maneno chini yalikuja baadaye sana, tena mwanzo yalikuwa kwa herufi za Kiarabu. Mvishe kaniki. Au gome, kama mzee wa Itetemia alivyosema.

#23 Karabai

Bibi, mbona kuna wanaosema leso hizo zilikuwepo toka katikati ya karne ile? Mtu anaweza kumletea mama yake moja kutoka pwani. Mpagazi kafika Bagamoyo, hana mama?

#24 Bibi Ukaya

Wanaosema hivyo wapo, na wanaosema miaka ya 1880 wapo. Sikatai zawadi. Ila kama ni moja tu na imetoka pwani, haiwezi "kumdondoka begani" kama nguo ya kila siku. Nguo ya namna hiyo mama anaifungia ndani ya chungu, anaitoa siku ya kuwaumiza jirani.

#25 Cherehani ya Kazeh

Bibi umenipa sura nzima bila kujua. Kanga (au leso, nitaamua) inaingia kwenye chungu.

#26 Mwisho wa Reli

Swali la pembeni. Hao watu wanaongea Kiswahili gani humo ndani? Kuna tamthilia moja nilitazama, mtu wa zama za pembe za ndovu anasema "nitakupigia". Nikauliza atapiga nini, ngoma?

#27 Kitabu Kizito

Kwa hilo kuna msaada wa wazi. Tippu Tip alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili kabla hajafa mwaka 1905, na masimulizi yake yapo. Ukiyasoma unaona mtu anavyohesabu frasila, anavyotaja deni, anavyomweleza baba yake aliyeoa Karunde, binti wa Fundikira wa hapo Unyanyembe. Sisemi mleta uzi aandike hivyo mwanzo hadi mwisho, msomaji atakimbia. Ila mdundo anaweza kuukopa.

#28 Mtani wa Dodoma

Wanyamwezi mlipita kwetu na mizigo yenu mkinywa maji yetu, leo mnabishana mlivaa nini. Tuulizeni sisi tuliokuwa tunawatazama. Mlikuwa hamjavaa kitu.

#29 Mzee wa Itetemia

Mtani, maji tulilipa hongo, ule ushuru wa njia. Tena kwa doti.

#30 Cherehani ya Kazeh

MATOKEO YA MNINGA. Mzee kaa vizuri.

Magome na mizizi nimepata kwa seremala wa Cheyo, kanitazama kama mganga. Nimechemsha saa mbili na nusu. Vipande vitatu vya marekani: kimoja kitupu, cha pili na chumvi, cha tatu nilikilaza kwanza kwenye maji ya majivu.

Jioni vyote vitatu vilikuwa vinatisha. Vyekundu kweli, nimevianika kwenye kamba mtoto wa jirani akauliza tumechinja nini. Nikalala na furaha.

Asubuhi vilikuwa rangi ya tofali. Nimefua kwa sabuni ya mche: kitupu kimekuwa chai ya maziwa, cha chumvi chai ya rangi. Cha majivu kimebaki na wekundu fulani wa kuiva, kama udongo wa njia ya Kwihara mvua ikishanyesha. Kizuri, lakini ukikiweka mbali ni kahawia. Hakuna atakayekimbia.

Na sufuria ilikuwa ya pilau. Hilo tuliache.

#31 Nyuki Mkali

Ulifua. Rugaruga alikuwa anafua kwa sabuni ya mche?

#32 Mzee wa Itetemia

Umechemsha. Nani alikwambia uchemshe? Utomvu unapakwa mbichi, tena na mafuta. Ila sikuwahi kuona kwa macho yangu nguo ya namna hiyo, nasema la haki.

#33 Mwisho wa Reli

Mafuta gani mzee, kama ni mawese njooni Kigoma. Yenyewe tu bila mninga yanatia rangi. Shati langu la sikukuu ni shahidi toka mwaka juzi.

#34 Pasi ya Mkaa

Niseme langu la kifundi. Mnabishana nyekundu ya damu, ya kirangozi, ya wizi, ya mninga. Mmewahi kuwa karibu na gobori likilipuka? Mjomba wangu alikuwa nalo la kulindia shamba. Baruti ile ya zamani inatoa moshi mzito, mweupe, ukipiga huoni hata mkono wako. Sasa watu mia wanapiga pamoja, wote ngozi nyeusi, wote manyoya. Utamjuaje wa kwenu? Unatafuta rangi moja inayopenya moshi. Kaniki haipenyi. Marekani nyeupe inapotea ndani yake. Nyekundu inaonekana. Hiyo ilikuwa sare, jamani, kama timu.

#35 Bibi Ukaya

Sare anatoa mtu. Mirambo alikuwa na jora ngapi za kuvisha jeshi? Mimi nabaki na wizi.

#36 Kitabu Kizito

Nami na kirangozi. Ila hoja ya moshi ni nzuri kuliko nilivyotegemea kutoka Kigoma.

#37 Asali Mbichi (Sikonge)

Nimesoma toka #1 na nina swali la uchokozi. Dada, una uhakika unaandika riwaya? Kurasa 212 miaka sita, na nguo umeshona ngapi? Mimi naona kitabu ni kisingizio cha cherehani.

#38 Cherehani ya Kazeh

Nguo 31. Nimehesabu sasa hivi.

Sijui nikujibu vipi. Nilianza kushona za kale kwa sababu ya kazi. Kuna shule iliniagiza mavazi 14 ya igizo la historia. Nikayashona kwa mkono pindo zote, maana kushona kwa mashine kunaonekana hata ukikaa mstari wa nyuma. Walinirudishia tisa. Mawili yalikuwa yamekatwa yakawa vitambaa vya kufutia ubao. Malipo nilipata nusu, nusu nyingine "mhasibu yuko safari" mpaka leo. Siku ile nilikaa na kile kizibao kilichokatwa mkono nikawaza, huyu mtu alikuwa nani kabla hajawa tambara? Nikaandika ukurasa. Basi, ndiyo ilivyoanza. Sasa kipi kisingizio cha kipi, mimi mwenyewe sijui.

#39 Asali Mbichi

Nimenyamaza. Samahani dada.

#40 Nyuki Mkali

Hapana usinyamaze, hoja yako ina kitu. Mimi nadhani anaogopa kijana wake akivaa nyekundu ataua mtu. Ndiyo maana nguo haishoneki.

#41 Pasi ya Mkaa

Au hela ya kitambaa imeisha tu. Sisi mafundi tunajua.

#42 Bibi Ukaya

Au kampenda kijana. Mwacheni.

#43 Karabai

Mwishie 1893 basi. Januari ile Wajerumani walipoivunja ngome ya Isike, mtemi akajilipua na ghala la baruti. Kijana wako afie humo. Moshi wa Pasi ya Mkaa utapata kazi.

#44 Cherehani ya Kazeh

1893 atakuwa na miaka zaidi ya 40, Karabai, na Isike ni wa Unyanyembe, huyu wangu alikuwa upande wa Mirambo. Na Mirambo alikufa Desemba 1884. Nitamhamishaje? Ngoja kwanza avae.

#45 Kitabu Kizito

Kuhama upande lilikuwa jambo la kawaida kuliko unavyodhani. Ila usimwue kwa haraka kwa sababu ya Karabai.

#46 Cherehani ya Kazeh

Nimerudi. Wiki mbili nilikuwa na sare za kwaya ya Kipaimara, vidole vimeota sugu.

Jana usiku nimeshona. Sikuipata joho, nimetumia blanketi jepesi jekundu la mtumba (Bibi, nilikukumbuka wakati nalipa). Sikulitoboa tundu. Nimelikata mshazari, bega moja, fundo ubavuni, ncha moja nimeiacha ndefu hadi gotini. Nikavaa, nikachuchumaa nyuma ya tanki la maji. Sufu inawasha shingoni, mnajua? Hilo hakuna aliyeniambia kati yenu wote. Inawasha hadi unataka kuinuka. Mtu anayevizia na shingo inamwasha anakuwa na hasira kabla hajamwona adui.

Ukurasa wa 213 huu hapa, kidogo tu:

*"Walipomuuliza nguo ameitoa wapi, alisema kwa mfu njiani. Kesho yake, kwa mwingine, alisema ameinunua kwa pembe. Kwa msichana wa Urambo alisema ameitia rangi mwenyewe kwa mninga, na msichana akanusa kitambaa na kucheka, kwa kuwa baba yake alikuwa mchonga mizinga na harufu ya mninga aliijua."*

#47 Mzee wa Itetemia

Huyo msichana ni wa kwetu.

#48 Bibi Ukaya

Ya kwanza ndiyo kweli. Kamvua mfu.

#49 Kitabu Kizito

Hakuna hata moja inayomtaja kirangozi. Naandika malalamiko rasmi.

#50 Pasi ya Mkaa

Kukata blanketi mshazari bila kuliwekea utepe pembeni, litavutika hadi liwe gauni. Pitisha mshono wa mkono mstari mmoja kwa ndani kabla hujalining'iniza.

#51 Cherehani ya Kazeh

Limeshavutika. Asante fundi, nalishusha.

#52 Mpigadebe

Jamani mimi toka #2 niko hapa na mkeka wangu. Kanzu ya ndoa ya mtu mnene, na kofia, ni shilingi ngapi? Ndoa ni Jumamosi.

#53 Cherehani ya Kazeh

Jumamosi hii?